Tutankhamun: Mfalme Aliyezikwa na Fimbo 130

Jina la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, si geni kwa wasomaji wengi. Hata yule ambaye hakukaa darasani muda mrefu amewahi kuiona mahali fulani picha ya kile kinyago cha dhahabu chenye mistari ya buluu, macho yakitazama mbele kama ya mtu asiyejua kufa. Kwa miaka mingi nami nilimjua hivyo tu: uso wa dhahabu, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba mwenye uso ule alikuwa na miguu, seuze kwamba miguu yake ingekuja kunihusu mimi na jamaa yangu.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka wa 1958, nyayo zake zote mbili zimegeuka ndani na kutazama juu, kana kwamba alitaka kupiga makofi kwa miguu. Waingereza waliuita mguu wa namna hiyo rungu. Siku hizi hospitalini nasikia ukiitwa mguu kifundo. Kijijini kwetu haukuwa na jina, ulikuwa na maelezo tu. Wengine walisema mama alimcheka kiwete alipokuwa mja mzito. Wengine walisema mambo ambayo sitayaandika hapa. Mama aliyasikia yote, akanyamaza. Alipofikisha miaka saba mdogo wangu alipelekwa hospitali moja, akafungwa plasta mara moja, ikatolewa, akarudishwa nyumbani na miguu ile ile. Akakua akikanyagia ukingo wa nje wa wayo, mahali ambapo ngozi ilifanya sugu nene kama soli. Viatu vyake, fundi alipokubali kumshonea, viliisha upande mmoja tu.

Basi mwezi wa Februari mwaka wa 2010, magazeti ya dunia yalipoandika kwamba Tutankhamun naye alikuwa na mguu uliopinda, nililikunja gazeti nikampelekea. Alilisoma polepole, akalirudia. Hakufurahi wala hakuhuzunika. Aliniuliza mambo mawili tu: mtu huyo alitembeaje, na hao madaktari walijuaje, ikiwa mwenyewe amekufa zaidi ya miaka 3,300? Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikiyachimba maswali hayo mawili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mtoto huyu alizaliwa yapata mwaka wa 1341 kabla ya Kristo, wakati Misri ilikuwa imepinduliwa juu chini na mfalme Akhenaten. Mfalme huyo alikuwa ameipa kisogo miungu ya zamani, hasa Amun wa Thebes, akaamuru Aten, yaani duara la jua, liabudiwe. Alijenga mji mpya jangwani, mahali paitwapo Amarna leo, akahamia huko na nyumba yake yote. Mtoto akapewa jina la Tutankhaten, lililobeba ndani yake jina la jua hilo. Alinyonyeshwa na yaya aitwaye Maia, ambaye kaburi lake lilipatikana Saqqara mwaka wa 1996. Ukutani humo yaya amechongwa ameketi, amempakata mfalme wake mdogo.

Akhenaten akafa. Zikapita zamu fupi za watawala ambao wataalamu wanagombana juu yao hadi leo, na mtoto akakalia kiti cha enzi akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi. Kiti chenyewe, au kimojawapo, kimehifadhiwa: ni kidogo, cha mpingo na pembe za ndovu, cha kumtosha mtoto wa darasa la tatu. Ni wazi kwamba hakutawala yeye. Walitawala wakubwa waliomzunguka, wakiwamo mzee Ay na jemadari Horemheb. Wakamrudisha kwa miungu ya zamani, jina lake likageuzwa kuwa Tutankhamun, na jiwe likasimamishwa Karnak kueleza jinsi mahekalu yalivyokuwa magofu na jinsi yeye alivyoyarejesha. Akaozwa Ankhesenamun, binti wa Akhenaten na Nefertiti. Hawakujaliwa watoto walio hai. Vijusi viwili vya kike vilikaushwa na kuwekwa katika visanduku kaburini mwake. Jambo hilo, katika kaburi lote lile lililojaa dhahabu, ndilo linigusalo kuliko mengine.

Alikufa akiwa na umri wa miaka 19 hivi, yapata mwaka wa 1323 kabla ya Kristo. Ay, mzee yule yule, akaurithi ufalme, na akajichora ukutani mwa kaburi akimtendea marehemu ibada za mwisho. Kaburi lilikuwa dogo mno kwa mfalme. Yaonekana kifo kilikuja kabla ya kutazamiwa.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwani tusipojua jinsi maiti yake ilivyotengenezwa hatutaweza kusema lolote juu ya miguu yake. Tulipokuwa wadogo nyanya alitutisha kwa mumiani, wanyonya damu wa usiku. Neno hilo lina asili moja na lile ambalo Wazungu huziitia maiti za Misri, lakini kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa kazi ya kukausha. Matumbo yalitolewa, kisha mwili ukafunikwa na chumvi ya asili iitwayo natroni. Hiyo ni ndugu wa magadi yetu, yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi na ambayo mama zetu huyatia katika mboga. Magadi hunyonya maji yote. Mtu hubaki ngozi, kano na mifupa. Baada ya hapo mwili hupakwa mafuta na utomvu wa miti, kisha hufungwa kwa kitambaa cha kitani, tabaka juu ya tabaka, na kukazwa. Desturi ilikuwa siku 70 toka kifo hadi maziko. Tutankhamun alimwagiwa utomvu mwingi kupita kiasi, na kwa muda wa karne nyingi ukageuka mweusi na mgumu kama lami ya barabarani.

Howard Carter, Mwingereza aliyekuwa akifadhiliwa na tajiri Lord Carnarvon, alikiona kidato cha kwanza cha ngazi ya kaburi tarehe 4 Novemba 1922. Habari za hazina ile zimeandikwa mara elfu, sitazirudia. Mimi nilikuwa nikitafuta miguu. Ilinibidi kungoja hadi tarehe 11 Novemba 1925, siku ambayo Douglas Derry, profesa wa elimu ya viungo huko Cairo, pamoja na daktari wa Kimisri Saleh Bey Hamdi, walianza kuufungua mwili. Miguuni waliikuta ndara za dhahabu, na kila kidole kimevikwa kifuko chake cha dhahabu. Lakini mwili ulikuwa umegandamana na jeneza kwa ule utomvu. Walijaribu kuuyeyusha kwa jua, wapi! Mwishowe waliukatakata. Kichwa kilitenganishwa na shingo, mikono na miguu ikaachanishwa na kiwiliwili, na kinyago kikatolewa kwa visu vilivyopashwa moto. Walipokwisha waliupanga mwili tena juu ya sinia la mchanga kana kwamba haukuguswa, wakaurudisha jenezani. Derry alikisia umri wa miaka 18 na urefu wa futi tano na nusu hivi. Juu ya mguu uliopinda hakuandika kitu.

Mwaka wa 1968 Profesa Harrison wa chuo kikuu cha Liverpool aliingia kaburini na mashine ya eksirei. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mwili ulikuwa vipande vipande. Lakini watu hawakusikia hayo. Walisikia juu ya kipande cha mfupa kilichoonekana ndani ya fuvu, na mara hadithi ikaenea kwamba mfalme alipigwa rungu kisogoni. Kwa zaidi ya miaka 30 ulimwengu uliishi na hadithi hiyo tamu. Januari mwaka wa 2005 mwili ulitolewa kaburini na kupitishwa katika mashine kubwa ipigayo picha kwa vipande vyembamba kama mkate uliokatwa, picha zaidi ya 1,700. Hadithi ya rungu ikafa. Kisogo hakikuwa na jeraha la kuua. Kilichoonekana ni mfupa wa paja la kushoto uliovunjika juu ya goti, yamkini siku chache kabla ya kifo. Dunia ikahamia pajani, na miguu ikasahauliwa tena.

Miaka mitano baadaye ndipo Zahi Hawass, aliyekuwa mkuu wa mambo ya kale ya Misri, na wenzake, walipochapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani matokeo ya kupima chembe za urithi za maiti kadhaa za kifalme na kuzitazama upya picha za mashine. Walisema baba na mama wa Tutankhamun walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walisema alikuwa na vijidudu vya malaria ile kali tuijuayo sisi. Na walisema mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu.

Sasa tufike kwa mguu wenyewe. Mimi si daktari, lakini nimeeleweshwa na waganga wawili wa mifupa hadi nikatosheka, na mdogo wangu alikuwa pale akitumiwa kama ubao wa darasa.

Kutoka kifundoni kwenda chini binadamu ana mifupa 26 katika kila mguu. Sisi huuona wayo kama kitu kimoja, kumbe ni mifupa iliyopangwa na kuegemezana, ikishikwa kwa kano. Mfalme wa mifupa hiyo, nikiruhusiwa kusema hivyo, ni ule ulio kati ya muundi na kisigino. Ajabu yake ni kwamba hauna hata msuli mmoja uliofungwa juu yake. Hauendi mahali wenyewe. Husukumwa na majirani. Chini yake kiko kisigino, mbele yake uko mfupa mdogo wenye umbo la mashua, na hiyo miwili huzunguka chini na mbele ya ule mkubwa kama mlango uzungukavyo kwenye bawaba.

Katika mguu kama wa mdogo wangu hakuna mfupa uliovunjika wala uliokosekana. Mifupa yote imo. Shida ni kwamba imepoteza mstari wake. Kisigino kimeinuka na kuingia ndani. Mashua imehama kutoka mbele ya mfupa mkubwa ikaenda upande wa ndani, karibu kugusa kifundo cha ndani. Mbele ya wayo nayo imeifuata. Mlango wote umefungwa kwa ndani, na kano fupi zimeushika usifunguke.

Kisha likaja jambo ambalo mdogo wangu hakuwahi kuambiwa kwa miaka 50. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya mifupa hiyo si mfupa bado, ni gegedu, laini kama udongo wa mfinyanzi kabla ya kuchomwa. Umbo lake la mwisho hutokana na mahali inapogusana na inapobanwa. Ikikaa sawa, hukua sawa. Ikikaa kombo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, shingo ya ule mfupa mkubwa hupinda kuelekea ndani, na kila mfupa hujifinyanga kulingana na jirani yake aliyekaa vibaya. Yaani kwanza ni mahali, baadaye huwa ni umbo. Mahali hurekebishika kwa mkono. Umbo huhitaji kisu, na hata kisu hakirudishi yote. Ile plasta moja aliyofungwa akiwa na miaka saba ilikuja wakati udongo ulikwisha kuchomwa.

Nikirudi kwa Tutankhamun, sasa msomaji anaweza kuyapima mwenyewe yale waliyoyaona mwaka wa 2010. Walipima pembe ya upinde wa wayo, ile nafasi iliyoinuka kati ya kisigino na kidole gumba. Kwa kawaida, walisema, huwa digrii 126. Wa kulia ulikuwa 132, yaani wayo bapa. Wa kushoto ulikuwa 120, yaani umeinuka kidogo kupita kiasi, na ulikuwa umegeukia ndani. Tena katika mguu huo wa kushoto, vichwa vya mifupa miwili inayobeba kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimekufa kwa kukosa damu, na kwa maoni yao ugonjwa huo ulikuwa bado unaendelea siku alipofariki. Kidole cha pili nacho kilipungukiwa mfupa mmoja wa katikati. Wakahitimisha kwamba mfalme alichechemea, kwamba mguu wa kulia ulilazwa bapa kwa kuubeba uzito ambao wa kushoto uliukwepa, na kwamba hii ndiyo sababu ya fimbo.

Naam, fimbo. Carter alizihesabu fimbo na bakora zipatazo 130 katika kaburi lile. Kuna za dhahabu na za fedha, kuna zenye vichwa vya maadui vilivyochongwa mpiniini, na kuna moja ya utete tu, imeandikwa kwamba mfalme aliukata utete huo kwa mkono wake mwenyewe. Juu ya kifuniko cha sanduku la pembe amechongwa akiegemea fimbo, mkewe akimpa maua. Katika kikanisa kidogo cha dhahabu anaonekana akipiga ndege kwa mishale huku ameketi kitini, ingawa wawindaji wa Misri kwa kawaida huchorwa wamesimama. Mtu akiyaweka hayo yote pamoja, huona kijana anayetafuta pa kuegemea.

Lakini wako waliokataa, na hoja zao si za kudharauliwa. Fimbo, walisema, ilikuwa alama ya ukubwa katika Misri. Hilo sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa. Rais Moi alitembea na rungu lake tangu 1978 hadi 2002 na hakuna aliyesema lilikuwa la kuegemea, na wazee wangapi hubeba bakora ilhali wanaweza kukushinda mbio? Tena, kaburini mwake kulikuwa na magari sita ya farasi, na juu ya sanduku moja amechorwa akiliendesha gari hilo vitani. Kweli, wachoraji wa mafarao hawakuwa waandishi wa habari. Walimchora mfalme kama alivyotakiwa awe. Lakini hiyo hukata pande zote mbili: ikiwa tusiiamini picha ya gari, kwa nini tuiamini ya fimbo?

Hoja yao kubwa ni ya mahali na umbo. Mguu wa maiti, walisema, hukauka, kano hujikunja, kisha hukazwa kwa vitambaa na kugandishwa kwa utomvu. Hayo peke yake yaweza kuugeuza wayo ndani. Juu ya hayo uje mkono wa mwaka wa 1925 ulioachanisha viungo na kuvipanga tena mchangani. Ukipima pembe ya mguu uliopitia hayo yote, umepima mguu wa mfalme au umepima kazi ya wakaushaji na ya Derry?

Nilipoyaeleza haya, mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, kwa njia yake ya mkato, kwamba mguu wake yeye ukikaushwa na kunyooshwa na watu kumi utabaki mguu wake, kwa kuwa mifupa yenyewe imekwisha kuwa ya kombo. Na hapo, bila kusomea, alikuwa amegusa kiini cha ubishi wote. Mguu uliogeuzwa na kitambaa baada ya kifo una mifupa yenye umbo zuri iliyosogea tu. Mguu uliozaliwa hivyo na kukanyagiwa miaka 19 bila tiba una mifupa iliyofinyangwa vibaya, na kitambaa hakiwezi kuifinyanga mifupa ya maiti.

Kuna farao mwingine wa kutusaidia kulinganisha. Siptah alitawala miaka michache mnamo 1190 na kitu kabla ya Kristo, na akafa kijana vilevile. Maiti yake ilipatikana mwaka wa 1898, ikafunguliwa mwaka wa 1905 na Elliot Smith, mtaalamu wa viungo. Mguu wake wa kushoto hauhitaji mashine. Umesimama wima kama wa mchezaji ngoma aendaye kwa ncha za vidole, na kila aliyeutazama ameona kasoro mara moja, ingawa hawaafikiani kama alizaliwa nao au ulitokana na ugonjwa kama polio. Sasa, Derry alikuwa profesa wa viungo. Aliishika miguu ya Tutankhamun kwa mikono yake, akavua dhahabu kidole kwa kidole. Kama mguu ule ungekuwa umepinda kama wa Siptah, au kama wa mdogo wangu, ni vigumu kuamini kwamba asingeuona.

Kwa hiyo, haya ni maoni yangu, na msomaji ana ruhusa ya kuyakataa. Ile filamu ya televisheni ya mwaka wa 2014, iliyomwonyesha Tutankhamun kwa kompyuta kama kijana wa kuburura mguu uliokunjamana kabisa, ilizidisha chumvi. Upindaji wa kushoto, kama ulikuwako alipokuwa hai, ulikuwa mdogo. Lakini ile mifupa miwili iliyokufa ni jambo lingine. Kitambaa hakiui kichwa cha mfupa, wala utomvu hauli sehemu mbili jirani na kuziacha nyingine. Mimi naamini kwamba miaka ya mwisho ya maisha yake mfalme huyu alisikia maumivu chini ya vidole vya mguu wa kushoto kila alipoinua kisigino kupiga hatua. Mwenye maumivu mahali hapo hujifunza kukanyagia ukingo wa nje, nao wayo huzoea kugeuka ndani. Sihitaji kusoma hilo katika jarida. Nimetembea nyuma ya mtu akanyagaye hivyo maisha yangu yote.

Tena, miongoni mwa ndara zake kuna jozi iliyochorwa maadui wa Misri juu ya soli, mikono imefungwa nyuma, ili kila hatua ya mfalme iwakanyage. Nimeitazama picha ya ndara hizo mara nyingi. Huenda kila alipowakanyaga, yeye ndiye aliyeumia.

Juu ya chanzo, magazeti yalikimbilia ndoa ya ndugu kwa ndugu. Yawezekana ilichangia, wazazi wa damu moja hurithisha kasoro zilizojificha. Lakini mdogo wangu hakuzaliwa na ndugu wawili. Mguu kifundo humpata takriban mtoto mmoja katika kila 1,000, wavulana mara mbili zaidi ya wasichana, katika kila taifa, na mara nyingi hakuna awezaye kusema kwa nini. Mara nyingine hufuata ukoo. Kumcheka mtu hakumo katika orodha. Hilo nilipenda mama alisikie, lakini alikuwa amekwisha fariki.

Misri ya Tutankhamun, pamoja na ustadi wote wa kukausha wafu, sijaona popote ilipoacha maelezo ya kuunyoosha mguu wa mtoto. Maelezo ya zamani yanayojulikana ni ya Mgiriki Hippocrates, karne tisa hivi baadaye, aliyeshauri mguu ushikwe mapema, urudishwe kwa mkono kidogo kidogo na kufungwa bendeji. Shauri hilo lilikuwa jema, lakini lilifunikwa kwa mamia ya miaka na watu wenye vyuma na skrubu, na baadaye wenye visu. Aliyelifufua kwa njia yake ni Mhispania Ignacio Ponseti, aliyeikimbia nchi yake baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kufika Iowa, Marekani, mwaka wa 1941. Alichambua mifupa hii hadi akaelewa kwamba yote huzunguka chini ya ule mmoja usio na msuli. Basi akaweka kidole gumba juu ya mfupa huo kuutuliza, akazungusha wengine kurudi nje, akafunga plasta. Wiki iliyofuata akaifungua na kuzungusha tena. Plasta tano au sita, kisha kano ya nyuma ya kisigino hukatwa, kisha viatu viwili vilivyounganishwa kwa kijiti, avivae mtoto usiku hadi afikishe miaka minne hivi. Madaktari wenzake walimpuuza kwa miaka mingi. Njia hiyo ilifika Kenya baada ya mwaka wa 2000.

Mwaka wa 2016 mdogo wangu alipata mjukuu wa kiume, na miguu ya mtoto ilikuwa imegeuka ndani kama yake. Binti yake alilia. Yeye hakulia, wala hakungoja mtu atoe maelezo. Wiki ya pili mtoto alikuwa na plasta hadi pajani. Kila Jumanne babu alishika mkongojo, akaenda nao kliniki, akaketi benchini akitazama kidole gumba cha muuguzi kikitafuta ule mfupa. Zilikuwa plasta sita. Leo mtoto huyo hucheza mpira, na viatu vyake huisha kote kwa usawa, jambo ambalo babu yake hulikagua kila mwisho wa muhula kwa kuvigeuza juu chini.

Tutankhamun amelazwa kaburini mwake tangu mwaka wa 2007 ndani ya sanduku la kioo, amefunikwa shuka nyeupe. Vilivyoachwa wazi ni uso na miguu tu. Nina picha yake niliyoikata gazetini. Mdogo wangu aliiomba siku moja, akavaa miwani, akauruka uso kabisa akaenda chini. Aliitazama miguu ile miwili myeusi, wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, akanirudishia picha na kusema kwamba kama angeiona soli moja ya ndara alizovaa akiwa hai, angemaliza ubishi wa madaktari wote kwa dakika moja.